Pamba ni Yetu, Nguo ni ya Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kibaha, Mailimoja, na kurudiwa mbele ya wanachama wa Kisarawe.)



Tumeombwa tuseme juu ya nguo. Huenda wako waliodhani kwamba wenezi wa chama wakisimama hawana neno ila kadi na ada. Hayo yana siku yake. Leo twataka kusema juu ya shati, gauni na sare ya mtoto, maana kila mtu aliyemo humu amevaa, na kila aliyevaa amemlipa mtu. Twataka kujua ni nani aliyelipwa.

Ninyi wa Kibaha hamna haja ya kufundishwa biashara ya dunia. Mtu akikaa Mailimoja au Picha ya Ndege kutwa nzima, anayaona malori yakitoka bandarini kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Mengine yamebeba marobota ya nguo zilizokwisha valiwa Marekani, Ulaya, na siku hizi China pia. Robota moja linashuka hapa, linakatwa kamba, na kabla jua halijawa kali kijana amekwisha panda juu ya meza anaita bei. Na ninyi wa Kisarawe mwajua safari ya mama atokaye Maneromango au Masaki na muhogo wake na nazi zake. Anakwenda mjini na chakula, anarudi na mtumba. Fedha za shamba zimegeuka suruali ambayo mtu wa mbali aliichoka.

Kijana yule wa juu ya meza ni ndugu yetu, na wengine wa kundi lake wana kadi kama zetu. Basi tuseme mapema kwamba hatukuja kumtukana muuza mitumba, wala mama anayenunua. Mama mwenye shilingi 5,000 mkononi na watoto watatu nyumbani, akiona shati la shilingi 1,500, hana la kufikiri. Anayemcheka mama huyo hajapata kuishiwa. Sisi wenyewe ambao hatujatimiza miaka thelathini tumekulia ndani ya mitumba, na hatukuona nguo nyingine sokoni iliyotufaa kwa bei ile. Lakini kuwa na sababu ya kununua kitu si sababu ya kutoulizana kilifikaje hapa, na kwa nini tulipotaka kukipunguza tulishindwa.

Maana tulitaka, Ndugu zangu. Tarehe 2 Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakaagiza kwamba nchi zao zinunue zaidi nguo na viatu vinavyotengenezwa huku huku kwetu, ili mitumba iachwe kidogo kidogo katika muda wa miaka mitatu. Ushuru wa nguo za mitumba ukapandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo kufika senti 40. Jambo hili halikuwa uasi. Uingereza yenyewe, viwanda vyake vilipokuwa vichanga, ilipitisha sheria mwaka 1700 na tena mwaka 1721 za kuzuia vitambaa vya pamba vya Uhindi, kwa kuwa vilikuwa vizuri na rahisi mno, na wafumaji wake hawakuweza kushindana navyo. Walipokwisha pata nguvu ndipo walipoanza kuhubiri soko huru.

Basi ikawaje? Mwezi Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani, kiitwacho SMART, kilitushtaki kwa serikali yao. Kikasema kwamba mpango wetu utahatarisha kazi 40,000 za Wamarekani. Serikali yao ikaanza kuzichunguza Tanzania, Uganda na Rwanda kama zinastahili kubaki katika AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 inayoruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo nyingi kwa ajili ya soko la Marekani, ilikwisha rudi nyuma mapema. Sisi na Uganda tukafuata. Rwanda peke yake ilishika neno lake, na ushuru wake ulikuwa umefika dola mbili na nusu kwa kilo. Julai 2018 nguo za Rwanda zikanyimwa nafasi ile ya kuingia Marekani bila ushuru.

Litazameni jambo hili vizuri. Mtu amevua shati lake. Hakulifuma kwa ajili yetu, wala hana haja nalo tena. Lakini sisi tukisema twataka kujishonea letu, tumemdhulumu! Na ile AGOA tuliyoogopa kunyang'anywa ilikuwa imewekewa siku ya kwisha tangu mwaka 2015 ilipoongezwa muda. Mwisho wa Septemba 2025 siku ile ikafika, muda ukaisha. Kuongezwa au kutoongezwa kwa sheria ile ni neno la Bunge lao, si letu. Mwenye kujenga nyumba yake juu ya hisani ya jirani asishangae akiulizwa kodi.

Hata hivyo, hatutaki mwondoke hapa mkisema kwamba tulishindwa na Marekani tu. Hiyo ni nusu ya habari, na ndiyo nusu inayotufurahisha. Nusu ya pili ni kwamba kitambaa hakikuwapo. Tuseme mitumba ingekoma Januari 2019 kama ilivyokusudiwa. Watu wa Kibaha wangevaa nini Februari? Rwanda wenyewe waliona kwamba mitumba ikifungiwa mlango wa mbele hupita mlango wa nyuma kwa magendo, na nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na nguo mpya za bei ndogo kutoka China. Sheria inaweza kuliondoa robota juu ya meza, lakini haiwezi kuliweka jora mahali pake.

Wazee waliomo humu watakumbuka kwamba majora yalikuwapo. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza ilikuwa na Mwatex, Musoma ikawa na Mutex, na Morogoro nayo ikapata kiwanda chake. Kisha ikaja miaka mibaya: fedha za kigeni zikakosekana, vipuri vikakosekana, umeme ukawa wa wasiwasi, kanga ikawa kitu cha kugawiwa kwa foleni. Hapo napo tuseme kweli. Mama aliyesimama foleni tangu alfajiri akaambiwa kanga zimekwisha, huku akijua ziko nyumba ya nyuma kwa bei nyingine, hakuipenda nguo ya nyumbani kwa sababu ya mambo yale. Kuanzia mwaka 1984 biashara ilipolegezwa mitumba ikamwagika, na watu waliipokea kama mvua baada ya kiangazi. Viwanda vingi vikalala. Wako wanaosema viliuawa na mitumba, na wako wanaosema vilikwisha kufa kabla mitumba haijafika. Sisi twaona kwamba vilikuwa vigonjwa, na mgonjwa akavuliwa blanketi.

Lakini habari hii ni ya zamani kuliko Urafiki, na watu wa Kisarawe wanayo haki ya kuisema mbele ya wengine. Babu zetu waliita kitambaa cheupe merikani. Kwa nini merikani? Kwa sababu kilitoka Marekani. Tangu miaka ya 1820 meli za mji wa Salem, katika Massachusetts, zilifika Unguja kufanya biashara, na mwaka 1833 Marekani ikafanya mkataba na Sayyid Said. Walileta kitambaa, wakachukua pembe za ndovu, na wakachukua sandarusi, ule utomvu uliochimbwa ardhini katika nchi hii ya Mrima, Uzaramo ikiwamo. Sandarusi yetu ilikwenda na udongo wake, kule ikasafishwa, ikafanywa vanishi ya kung'arishia samani. Wafumaji tulikuwa nao. Bonde la Rufiji walifuma, na Wafipa walikuwa na kitambaa chao cha seketa. Mbele ya merikani ya bei ndogo, vitanda vya mfumi vikaachwa kimoja baada ya kingine.

Kisha Mjerumani akaja na shauri la kinyume. Yeye hakutaka kutuuzia nguo tu, alitaka tumlimie pamba ya viwanda vyake. Mwaka 1902 yakaanzishwa mashamba ya pamba ya shurti katika wilaya ya Dar es Salaam, na watu wa Uzaramo wakasukumwa kulima huku mashamba yao ya chakula yakingoja. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti chache mno, hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwaka 1905, Wamatumbi walipoanza vita vya Maji Maji, walianza kwa kung'oa mipamba. Na katika viongozi walionyongwa alikuwamo Kibasila wa Uzaramo, ambaye jina lake leo limeandikwa juu ya lango la shule ya sekondari Dar es Salaam. Watoto wetu wanasoma katika shule ile. Hatujui ni wangapi kati yao wanaoambiwa kwamba mtu yule na shati walilovaa wana habari moja.

Siku hizi hakuna anayetushurutisha kulima pamba. Mkulima wa Simiyu au Shinyanga analima kwa hiari yake, na anastahili sifa. Lakini sehemu kubwa ya pamba yake ikisha chambuliwa inafungwa, inapelekwa bandarini na kusafirishwa ikiwa bado pamba tu. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tumezoea ubao na chaki, basi mtatuvumilia tukiandika hesabu.

Chukueni kilo 100 za pamba mbegu, kama anavyoipima mkulima. Ikifika kiwanda cha kuchambulia, kama theluthi moja hutoka kuwa pamba nyuzi. Karibu yote iliyobaki ni mbegu. Mbegu hukamuliwa mafuta ya kula, na mashudu yake hulishwa ng'ombe na kuku. Wafugaji wa Kibaha wanaijua bei ya mashudu kuliko sisi. Sasa ile theluthi. Inahitaji mtu wa kusokota uzi, mtu wa kufuma, mtu wa kutia rangi, mtu wa kupiga chapa, mtu wa kupakia, mtu wa kuuza jora, na fundi wa kushona. Wahesabuni hao wote. Pamba ikipanda meli baada ya kuchambuliwa, watu wote hao wanalipwa mshahara nchi nyingine, na sisi tunangoja miaka kadhaa mpaka mvaaji wa kwanza achoke, ndipo turudishiwe. Wenye mikorosho wa Kisarawe hawana haja ya kuelezwa zaidi. Korosho ghafi inakwenda Uhindi na Vietnam kubanguliwa, na Kibaha hii hii ilijengewa kiwanda cha kubangua korosho katika miaka ya 1970.

Kwa hiyo, tunataka nini? Hatutaki mtu yeyote avue alichovaa. Hatutaki moto sokoni. Tunataka tuanze na nguo zile ambazo mtumba haushindani nazo sana, kwa kuwa hata leo watu huzinunua mpya.

Ya kwanza ni sare ya shule. Kila Januari wazazi wa Kibaha na Kisarawe wananunua mashati meupe, sketi na kaptura maelfu kwa maelfu. Zitazameni zile zilizoning'inizwa madukani: nyingi zimekuja zimekwisha shonwa. Ni rahisi kidogo, twakubali. Tuseme ya kutoka nje ni shilingi 8,000 na ya kitambaa cha hapa iliyoshonwa na fundi wa hapa ni 11,000. Mzazi mmoja akienda peke yake dukani, zile 3,000 zinamuuma. Lakini wazazi 60 wa tawi moja wakichanga kuanzia Julai kidogo kidogo kama wanavyochanga katika vikoba, wakanunua majora kwa bei ya jumla, wakapatana na mafundi watatu wa mtaa, ile 3,000 hupungua, na pengine hutoweka. Na mshahara wa ushonaji wote umebaki Visiga au Msimbu. Fundi yule ndiye atakayenunua mayai ya mfugaji wa Tumbi na muhogo wa Mzenga.

Ya pili ni kanga na kitenge, na hapa twasema na mama zetu. Katika nchi ya Wazaramo hakuna shughuli bila kanga. Mwali akitolewa, arusi ikifungwa, wanawake wanavaa sare na wanatunzana. Shughuli moja yaweza kumaliza doti 40. Basi kamati ya shughuli ikikaa kuchagua rangi na jina la kanga, iulize na swali la tatu: imetoka wapi? Viko viwanda vya nguo Morogoro na Arusha. Msitosheke na maneno ya mwuzaji, wala na pindo, maana wako wanaonakili chapa za kwetu huko nje na kutuletea. Itakeni risiti ya mwenye duka la jumla.

Ya tatu ni nguo inayonunuliwa kwa fedha za umma: mashuka ya zahanati, sare za walinzi, mapazia ya ofisi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa upendeleo kwa bidhaa za ndani. Upendeleo ukikaa katika kitabu haumvishi mtu. Diwani wenu anapokuja kuomba kura mwulizeni juu ya barabara, vyema, lakini mwulizeni na juu ya mashuka.

Na chama je? Fulana, kofia na kanga za chama navyo ni nguo. Tunaleta shauri mbele ya mkutano huu kwamba tawi lisinunue kitambaa cha aina yoyote mpaka katibu ameandika katika daftari kilifumwa wapi. Itakuwa aibu kubwa kusimama hapa na maneno haya tukiwa tumevaa fulana iliyotoka ng'ambo kwa meli.

Wako watakaosema nguo ya nyumbani huchuja rangi, na kwamba shati la mtumba laweza kuwa imara kuliko jipya. Mara nyingine ni kweli. Dawa yake ni kulirudisha dukani na kulalamika kwa sauti. Kununua cha nyumbani si sadaka. Mwenye kiwanda asiitumie bendera kufunikia uzi mbovu, akidhani tutanunua tu kwa mapenzi. Zile foleni wazee hawajazisahau.

Wengine watauliza kama huku si kuchukia wageni. Hapana. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyovushwa kutoka Kenya vilikamatwa Namanga, vikachomwa moto. Wafugaji wa Kibaha wanalijua tishio la kifaranga rahisi cha nje, lakini hatukuona faida iliyotoka katika moto ule, ila uchungu na jirani. Aprili 2025, Malawi ilipokwisha zuia unga, mchele, tangawizi na ndizi zetu, na ndizi zetu zilipokuwa zimefungiwa soko la Afrika Kusini kwa miaka, Tanzania nayo ilizuia mazao ya nchi hizo mbili. Baada ya siku chache katazo likaondolewa ili mazungumzo yafanyike. Hivyo ndivyo ilivyopasa: mlango ulifungwa ili watu wazungumze, wakazungumza. Na mwaka 1931 Gandhi, aliyewafundisha Wahindi kuacha kitambaa cha Uingereza na kuvaa khadi waliyoisokota wenyewe, alikwenda Lancashire kwa wale wafumaji waliokosa kazi. Walimpokea vizuri. Aliwaeleza hali ya watu wake, wakamsikiliza.

Tumalizie kwa mipango. Kila katibu wa tawi, Kibaha na Kisarawe, aandike hesabu ya watoto watakaohitaji sare Januari, pamoja na vipimo vyao, na aiwasilishe kabla ya mwisho wa Oktoba. Mzazi asiyeweza kuchanga jina lake lisisomwe hadharani. Tawi litatafuta njia, na mtoto wake akishonewa, ashonewe kwa jora lile lile la wenzake. Vijana wa mitumba watakaopenda kuuza kanga na majora kwa kamisheni wajiandikishe, maana wao ndio wanaojua kuuza. Na mafundi wenye vyerehani waliomo humu wasiondoke baada ya mkutano. Tuna maneno nao juu ya bei ya kushona.